Daraja Lisilo Kwenye Ramani

Nakivale, Juru
11 Februari 2024

Yaya wangu Anatole,

Tunakusalimu watu watatu: mimi, Barnabé na Sonia. Ule mstari uliopinda pale juu ni wa Sonia, ameshika kalamu kabla yangu. Ameota meno ya chini, ananiuma nikimnyonyesha halafu anacheka, basi na mimi nacheka. Barnabé baba yake angali Bwizibwera kwenye kazi ya maziwa. Anakuja mwisho wa mwezi, nguo zake zinanuka mtindi hata nikizifua tena na tena, lakini mwili ni mzima. Wifi Adélaïde anaendeleaje na tumbo lake? Mwambie asibebe maji. Ubebe wewe.

Nimekupigia simu sana. Inalia tu. Nikasema labda sauti yangu imemchosha kaka yangu, ngoja nijaribu mkono. Barua hii nampa Mama Capitoline anayekuja Mbarara kuchukua mitumba. Ameniahidi ataifikisha Ruti, mlangoni mwako.

Habari yenyewe ni ya furaha, lakini ndani yake kuna kitu kinanisumbua. Tumeitwa kwa mahojiano ya safari. Unajua tulivyongoja. Watu wa mstari wetu waliondoka kwenda Ulaya na Amerika, nyumba zao zikapewa wengine, nao hao wengine wakaondoka, sisi tupo tu hapa kambini, tunapokea wageni na kuwaonyesha fasi ya kuteka maji.

Nilivaa kitenge cha harusi. Ndani kulikuwa na mama mmoja mpole na mkalimani wa kwetu kabisa, Mkongomani. Yule mama akaniambia nieleze tulivyotoka nyumbani. Nikaeleza kama siku zote: usiku, risasi, sisi tukikimbia mpaka mto Kilombi, lile daraja la kamba na mbao, wewe umenibeba mgongoni, baba amebaki ng'ambo ameshikilia kamba mpaka tuvuke, kisha akaikata wasitufuate, na wao wakamuua pale pale. Nililia kidogo. Akanipa karatasi laini.

Halafu akanigeuzia kompyuta. Kulikuwa na ramani, picha iliyopigwa kutoka juu, unaona hata mapaa. Akasema, nionyeshe daraja. Mto niliuona. Daraja sikuliona. Akafungua droo akatoa kitabu, na kitabu ni chako, yaya. Damu Darajani, jina lako chini, na yale maneno ya juu kwa herufi kubwa: KISA CHA KWELI. Akasema mimi si wa kwanza kumweleza daraja hili, wengine hawatoki hata upande ule wa Kivu.

Nikamwambia, huyu aliyeandika ni kaka yangu, ameandika habari yetu.

Akasema, "Wote wanasema ni ndugu yao."

Hakukasirika. Alisema wataniita tena, nifikiri vizuri. Maelezo yakionekana yametolewa kitabuni faili linafungwa, langu na la Barnabé na la Sonia, na hakuna kulifungua.

Sasa nakuuliza swali moja. Lile daraja lilikuwepo? Mimi nalikumbuka. Nakumbuka mbao zikicheza chini ya miguu yako. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa na wewe kumi na mitano, wewe ndiye mwenye macho ya siku ile. Niandikie ndiyo au hapana, inatosha.

Mdogo wako anayekuwaza,
Mariette

*

Mbarara, Ruti
24 Machi 2024

Mdogo wangu Mariette,

Pokea salamu za nyumba hii. Adélaïde anapimwa pale Ruharo, wanasema mtoto amekaa vizuri na kwamba mama yake apunguze chumvi, jambo ambalo limeleta ugomvi mkubwa kuliko vita vyote nilivyowahi kuviandika. Maji nabeba mimi. Majirani wananicheka.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi imenizidi. Semahoro, huyu mwenye mashine anayenichapishia, anataka kutoa toleo la pili kabla ya Pasaka. Nakala za kwanza ziliisha kule stendi ya mabasi, na sasa zinaulizwa mpaka Kabale. Nakala ikiingia Nakivale inasomwa na mtaa mzima, kwa hiyo huko sipati faida, napata umaarufu tu.

Wapo wanaonisahihisha. Dereva mmoja mstaafu alinipigia simu kunieleza kwamba lori nililolitaja lina magurudumu sita, siyo kumi. Nilimshukuru, toleo la pili litakuwa na sita. Watu wanadhani kuandika kitabu cha kusisimua ni kuropoka. Bunduki nilizichunguza moja moja. Bei ya mafuta ya mwaka ule niliitafuta. Niliuliza hata kama mwezi ule mvua ilinyesha. Msomaji akikukuta umekosea kitu kidogo anachokijua, hakuamini tena kwenye kikubwa asichokijua. Lakini msomaji huyo huyo, ukimpa ukweli mtupu, watu wamekaa, wananyamaza, wanangoja, anafunga kitabu anaomba arudishiwe pesa yake. Anataka giza, anataka mbio, anataka mtu mmoja abaki nyuma ili wengine wapone. Huo ndio ufundi wenyewe.

Kuhusu swali lako: ofisi zina ramani, hazina macho. Daraja la kamba linaoza, mafuriko yanalichukua, nani atalikuta baada ya miaka yote hii? Ulichokisema kimeshaandikwa. Anayebadilisha maneno ndiye anayeonekana mwongo. Tulia, usijichoshe na mambo ya zamani. Mbusu Sonia.

Kaka yako,
Anatole

*

Nakivale, Juru
2 Aprili 2024

Yaya Anatole,

Tunashukuru kwa salamu. Mvua imeanza, tumepanda mahindi kwenye kile kipande chetu cha mteremkoni, na Sonia anatambaa mpaka mlangoni anakula udongo. Nikimtoa udongo mdomoni ananiangalia kama mimi ndiye mwizi.

Barua yako nimeisoma mpaka imelainika. Umeniandikia magurudumu, bunduki, mafuta na mvua. Daraja umelizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi akiwa na viatu vipya.

Acha nikueleze ya huku. Jean-Paul kinyozi, yule wa karibu na soko la New Congo, ananyoa watu huku akiwasomea kitabu chako. Ikifika fasi ya moto anazima mashine, anasoma kwa mikono miwili, mteja anabaki nusu kichwa. Jumamosi nilipita pale, mteja akawa analalamika: "Jean-Paul, maliza kichwa kwanza, hao wa darajani watanisubiri." Mlangoni amekaa Mama Sidonie anayeuza ndizi, unamjua, mama wa upande wetu. Akainua kichwa.

"Daraja gani hiyo?"

"Ya Kilombi, mama," Jean-Paul akajibu.

"Mu Kilombi? Mimi nilizaliwa kule. Maji inafika hapa." Akajipiga goti. "Batu banavuka na mbuzi yabo, banavuka na vitanda ku kichwa. Daraja ya nini?"

"Mama, ni kitabu."

"Mbona baliandika kweli pale juu?"

"Ni kweli ya kitabu, mama."

"Basi na mimi nitakuuzia ndizi ya kitabu. Utashiba?"

Watu walicheka sana, na mimi nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Maji ya goti, yaya. Kwa maji ya goti, baba alikuwa anashikilia kamba ya nini?

Na si hilo tu. Jirani yangu Marthe alikuja kunisaidia kupalilia. Tukiwa shambani akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mariette, baba yako alikata kamba kwa panga au kwa kisu? Kitabu hakisemi vizuri, na mimi naitwa wiki ijayo." Marthe ni wa Bujumbura. Kilombi hajaiona hata kwenye ndoto. Watu wanajifunza kifo cha baba yetu kwa moyo, kama katekisimu. Nilitaka kumkasirikia, nikamwangalia na wale watoto wake, nikamwambia panga.

Ndivyo nilivyo. Nikisema daraja, nimeiba kitabuni. Nikisema hakuna daraja, nilidanganya mara ya kwanza. Huku siwezi kupita, na kule siwezi kurudi.

Niandikie.
Mariette

*

Mbarara, Ruti
19 Mei 2024

Mariette,

Salamu. Adélaïde amevimba miguu lakini ana nguvu. Katika mfuko anaouleta Mama Capitoline mna sweta la Sonia, kwa baridi ya huko kilimani, na sabuni.

Nimefikiri. Ukiitwa, sema hukumbuki. Mtoto wa miaka tisa anaruhusiwa kusahau. Sema ulisimuliwa na watu wazima na mengine umeyachanganya. Hilo si uongo.

Nakuomba usiniulize tena. Si kwa ubaya. Kuna mlango ambao niliufunga kwa mikono yangu, na kwa muda mrefu umekaa vizuri umefungwa.

A.

*

Nakivale, Juru
16 Juni 2024

Yaya,

Sweta limemfaa, limebaki refu kidogo, atalikulia. Anasimama sasa akishika stuli. Barnabé alikuja, amelala siku nzima, ameamka amekula, amerudi Bwizibwera. Ameniachia ujumbe wa kukupa wewe: anasema kitabu chako ni kizuri lakini shujaa hali chakula tangu mwanzo mpaka mwisho, na mtu hawezi kukimbia hivyo bila kula.

Wameniita. Ni mwishoni mwa Agosti. Safari hii wamesema ndiyo ya mwisho.

Nadhani nimekuelewa. Ukisema daraja ulilitunga, yale maneno ya juu ya kitabu yanakuwa uongo, na Semahoro atakugeukia, na mtoto anakuja. Sitaki kukumwagia chakula. Ningekuwa mimi labda ningenyamaza vilevile. Sijui. Lakini Sonia naye anataka kutoka hapa. Hajui kama anataka, mimi najua kwa niaba yake.

Ulisema niseme nimesahau. Basi nikajaribu kusahau kweli. Nikikaa nachambua mchele natoa daraja kichwani, ubao mmoja mmoja, nione kutabaki nini chini yake. Kunabaki kitu, yaya, na si maji. Ni moshi. Macho yananiwasha, nimeshika mwiko. Kuna wanaume wamekaa kwenye benchi letu, wametulia, mmoja ananyonya jino. Hakuna anayekimbia. Hakuna risasi. Na kuna jua nje, naona kivuli cha jogoo.

Hiyo ni siku gani?

Barnabé anasema ni ndoto. Ndoto haina kivuli cha jogoo. Kama ni siku ile ile, niambie. Usinionee huruma. Mimi ni mama wa mtu sasa.

Mariette

*

Mbarara, Ruti
14 Julai 2024

Mariette, mdogo wangu,

Adélaïde amejifungua msichana, salama, pale Ruharo. Tumemwita Élyse. Ana paji la uso la baba, hata mkunga alisema mtoto huyu ametoka na mawazo. Nilimshika, na tangu hapo barua yako haikunipa nafasi ya kukaa.

Hakukuwa na daraja. Hakukuwa na usiku pia.

Ilikuwa mchana, siku ya soko, kijiji kitupu. Walikuja kama wageni wenye njaa. Waliegemeza bunduki ukutani, wakauliza kuna nini jikoni. Mama alikuwa ameshatuacha, wewe ndiye uliyekuwa ukipika. Ulikuwa umebandika maharage, yale ya chini ya gunia yaliyokaa sana, ambayo hayaivi. Mkubwa wao alionja moja akasema bado, tutangoja. Wakangoja. Nimeandika vitabu vitatu vya vita na sijawahi kuweka jambo la kutisha kama watu wale walivyokaa wakingoja maharage. Mmoja aliinama akakupulizia moto, akakwambia usilie, ni moshi tu.

Baba alikuwa shambani. Wangekula, wangeondoka. Lakini maharage yalikuwa bado jikoni aliporudi na jembe begani. Wakala. Wakamwambia ana mgongo mzuri. Walimtwika gunia letu wenyewe, na lile la jirani juu yake, wakaenda naye njia ya mlimani. Alituambia tufunge mbuzi, anarudi. Hatukusikia risasi, si siku ile wala iliyofuata. Hatukuona mwili. Tulikaa mpaka majirani waliporudi kutoka sokoni na kuanza kufunga mizigo, wakatuchukua. Kilombi tulivuka kwa miguu, kama anavyosema Mama Sidonie. Ulikunja gauni lako mwenyewe.

Wewe unadhani nilinyamaza kwa sababu ya Semahoro. Afadhali ingekuwa hivyo. Njia nzima ulikuwa unaniuliza swali moja: yaya, kama maharage yangeiva mapema? Uliniuliza Bukavu. Uliniuliza Bunagana kwenye foleni, watu wakatugeukia. Tulipofika Nakivale ukakataa kula maharage, na hakukuwa na kitu kingine cha kula. Ulibaki shingo na macho. Mimi nilikuwa mtoto pia, sikuwa na mtu wa kumuuliza nifanye nini.

Ndipo nikakujengea daraja. Siku ya kwanza lilikuwa fupi tu. Ukauliza baba alishika nini, nikaongeza kamba. Ukauliza kwa nini hakuvuka na sisi, nikampa kamba ya kukata. Ukauliza kama iliuma, nikasema haikuuma. Kila ulipouliza nikaongeza ubao. Siku moja ukala, na ukaacha kuuliza. Baadaye watu wa kanisani wakasema tumfanyie baba matanga, nami nikakubali, kwa sababu ningewaambia nini? Tuliombolezea darajani, wewe na mimi.

Kitabu kilikuja baadaye kabisa. Daraja lilikuwa limeshajengwa, nililipanua. Maneno ya juu aliyaweka Semahoro. Sikuyakataa, kwa kuwa wewe ulikuwa msomaji wake wa kwanza, na ningeyakataa ungeanza kuuliza tena.

Sasa umeyapata. Nimekurudishia maharage, na sijui kama nimekusaidia au nimekuua. Waambie ofisini unavyotaka. Lakini mimi kuja huko, kukaa mbele ya watu na kuyasema hayo kwa mdomo wangu, siwezi, Mariette. Usiniombe.

Anatole

*

Nakivale, Juru
8 Septemba 2024

Yaya wangu,

Karibu, Élyse. Mwambie ana dada huku anayetembea tayari, hatua chache kisha anakaa na kujipigia makofi. Wifi apate uji wa ulezi, na wewe ule kinachobaki, najua unajisahau.

Barua yako ilinifikia nikiwa naanua nguo. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi juu ya nguo safi. Sikulia siku ile. Kesho yake nilikuwa mlangoni, binti wa Marthe anaosha sufuria kwao. Ana miaka tisa. Sufuria inamshinda, anaikumbatia kwa magoti ili isigeuke. Nikamwangalia shingo yake. Yaya, mtoto wa miaka tisa ni mdogo sana. Sikujua kwamba ni mdogo hivyo. Hapo ndipo nilipolia, na binti akaja kuniuliza naumwa wapi.

Kwa hiyo hukuniua. Kama ulikuwa unangoja kuniuliza, nimekujibu.

Nilienda ofisini. Nikamwambia yule mama, daraja halikuwepo. Akauliza, basi kwa nini uliniambia lipo? Nikasema, kaka yangu alinijengea ili nile. Mkalimani akatafsiri. Nikaeleza yote, benchi, moshi, kungoja. Nilipofika kwenye maharage mkalimani akaniuliza pembeni, "Maharage gani, yale madogo mekundu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hayo hayaivi." Yule mama akataka kujua tunaongea nini, mkalimani akamtafsiria hata hilo, na mama akaliandika hata hilo.

Aliandika mengi. Kisha akasema, "Hii haimo kitabuni, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hii." Alisema ananiamini. Nilidhani nitaruka.

Halafu akageuza karatasi za nyuma. Akasema: hapa baba yako ameandikwa amekufa, ameuawa mbele yako. Sasa tufanye nini naye? Akanieleza taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Naweza kusema anadhaniwa amefariki, akaliandika hivyo, faili likaendelea, na pengine mwakani tukapanda ndege. Au naweza kusema alichukuliwa akiwa hai, na kuna watu kazi yao ni kutafuta waliopotea, wakafungua faili lake. Lakini la kwake likifunguliwa, letu linawekwa kando mpaka ijulikane familia hii ina nani. Hakunidanganya. Alisema linaweza kukaa kando miaka.

Niliomba kwenda nje kumnyonyesha Sonia. Kulikuwa na uzio na ng'ombe upande wa pili, wale wenye pembe ndefu, wanakula polepole bila haraka ya kwenda popote. Nikafikiri juu ya Barnabé na jinsi alivyokwisha kuwaaga watu nusu nusu. Nikafikiri shule ya Sonia. Nilitaka sana kusema anadhaniwa, neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na si neno baya. Lakini tumeshamzika baba mara moja bila yeye kuwepo. Nikarudi ndani nikasema alichukuliwa akiwa hai.

Barnabé alipokuja nilimwambia kabla hajavua viatu. Alikaa. Akasema, "Kwa hiyo tunabaki."

Nikasema, tunabaki.

Akainuka bila kuvua viatu. Kisha akatoka, akaomba nyundo kwa jirani, akaanza kutengeneza dirisha ambalo mwaka mzima anasema halitengenezi kwa kuwa tunaondoka. Akapigilia kwa hasira, halafu akapigilia vizuri. Akaniita nimshikie ubao. "Baba mkwe akija," akasema, "asikute nyumba ya mtu mvivu."

Nimekwenda pia kwa katekista Thaddée. Nimemwomba jina la baba, Appolinaire, asilisome tena na marehemu mwezi wa Novemba. Alifikiri, akauliza alisome na nani basi, na wagonjwa? Nikasema na wasafiri. Akaandika.

Kitabu chako kiache kama kilivyo. Jean-Paul amefika tena kwenye daraja na watu wamekaa mpaka nje, sitaki uwabomolee. Yatoe tu yale maneno ya juu. Na Marthe nimemwambia mwenyewe kwamba panga halikuwepo. Alinitukana kidogo, kisha akakaa, akaanza kunieleza yake ya kweli, ya Bujumbura. Haina hata risasi moja. Nilimshika mkono.

Sasa hili la mwisho. Wale wanaotafuta waliopotea wanataka watu wawili waliomwona mara ya mwisho. Kila mtu anaulizwa peke yake, chumba chake: alivaa nini, alishika njia ipi, aligeuka au hakugeuka. Mmoja ni mimi. Mwingine unamjua.

Uliandika nisikuombe. Nakuomba.

Shati lake lilikuwa rangi gani mimi nakumbuka. Usiniandikie, usinipigie simu, usimpe Mama Capitoline ujumbe. Safari hii sitaki jibu nilipate kwako. Ulilete mwenyewe, uwape wao. Ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu, asubuhi. Nitakuwa nje ya ofisi na Sonia, nitakusalimia na sitakuuliza kitu.

Mdogo wako,
Mariette